Charles Watson-Wentworth, Markisi wa Rockingham (1730–1782)
Ukuta unaoutazama, upande wa mashariki wa nyumba ya Wentworth Woodhouse, una urefu unaozidi mita 180. Baba yake Charles ndiye aliyeujenga. Charles, mwanawe wa kiume pekee aliyebaki hai, aliirithi nyumba hiyo mwaka 1750 akiwa na miaka 20. Kijana huyu hakuwa mpole: akiwa na miaka 15 alitoroka nyumbani kwenda Carlisle kujiunga na jeshi la mfalme.

Alikuwa Waziri Mkuu mara 2. Mwaka 1766 serikali yake ilifuta kodi ya stempu iliyowakasirisha walowezi wa Marekani. Aliporudi madarakani mwaka 1782, alifariki baada ya miezi 3 tu. Bungeni alisema kwa nadra. Moyo wake ulikuwa kwa farasi. Ndiye aliyemwagiza George Stubbs kumchora Whistlejacket, dume lake mashuhuri.

Mkewe, Mary Bright, aliyemwoa mwaka 1752, alimsaidia katika barua zake za kisiasa. Hawakujaliwa mtoto. Cheo kilikufa na Charles, na nyumba ikaenda kwa mpwa wake, Earl Fitzwilliam, mtoto wa dada yake Anne.