Bwawa la Turkwel na Maji Yaliyoahidiwa Mashamba

Historia ya Bwawa la Turkwel haiwezi kuelezwa bila kuutaja mji wa Eldoret, yaliko makao makuu ya Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Kerio, maarufu kwa kifupi KVDA. Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979, miaka mitano baada ya ile ya Mto Tana, kwa kufuata fikra iliyoenea duniani tangu Marekani ilipounda mamlaka ya Bonde la Tennessee mwaka 1933, kwamba bonde zima la mto, yaani eneo lote ambalo maji yake huishia katika mto mmoja, lisimamiwe na chombo kimoja kinachoshughulikia umeme, kilimo na mafuriko kwa pamoja. Kerio na Turkwel, mito inayotiririka kuelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana, iliwekwa mikononi mwake.

Kilimo cha umwagiliaji, hata hivyo, kilikuwepo katika eneo hilo muda mrefu kabla ya ukoloni. Kwenye mteremko mkali wa Elgeyo, mashariki mwa Eldoret, Wamarakwet waliziba mito kama Arror na Embobut kwa mawe, magogo na matawi, wakayageuza maji yaingie katika mifereji iliyopitishwa kandokando ya majabali, na pale ambapo mwamba haukuacha nafasi wakaitegemeza kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, hadi maji yakafika kwenye mashamba ya mtama na wimbi chini bondeni. Kila mfereji una ukoo unaoumiliki. Wazee ndio hugawa zamu za maji, na mwanamume asiyejitokeza siku ya kuukarabati hutozwa faini. Ni kazi ya uhandisi kamili, ingawa haikuwahi kuchorwa kwenye karatasi.

Turkwel ulikuwa mradi wa namna nyingine. Mto Suam, unaoanzia Mlima Elgon na kufuata kwa kitambo mpaka wa Kenya na Uganda, hupenya korongo jembamba lenye kuta za mwamba mgumu kabla ya kuingia nchi kavu kwa jina la Turkwel, na umbo hilo la korongo ndilo lililoamua aina ya bwawa. Ujenzi ulianza mwaka 1986 chini ya kampuni ya Kifaransa, kwa mikopo iliyotoka Ufaransa, na ukakamilika mwaka 1991. Ukuta wake wa zege, wenye kimo cha mita 153, ni wa tao, yaani umepinda kuelekea upande wa maji ili shinikizo la ziwa lisukumwe kwenye kuta za korongo badala ya kubebwa na uzito wa zege pekee. Kwa sababu hiyo unaweza kuwa mwembamba kuliko ukuta ulionyooka wa kimo hichohicho. Ziwa lilisanifiwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.6. Kandarasi yenyewe ilitolewa bila zabuni ya ushindani, jambo lililozua lawama kali kuhusu gharama, na lawama hizo zilikuwa na msingi, kwani nchi inayokopa bila kulinganisha bei haina namna ya kujua kama imepunjwa.

Shabaha zilizotangazwa zilikuwa umeme na umwagiliaji, lakini umeme ndio uliotangulia. Mitambo yenye uwezo wa megawati 106 iliwekwa chini ya ardhi, na nyaya za kilovoti 220 zikavutwa hadi Lessos, karibu na Eldoret, kuungana na gridi ya taifa. Ziwa nalo lilichelewa kujaa. Kwa miaka mingi maji yalibaki chini sana ya kiwango kilichokusudiwa, na ni mwaka 2020 tu, baada ya mvua nyingi, ndipo yalipokaribia ukingo na wakazi wa chini wakatahadharishwa juu ya mafuriko.

Kwa Waturkana waishio kando ya mto, suala halikuwa ujazo wa ziwa bali mwendo wa maji. Familia zao hurithi haki ya kutumia vipande vya msitu wa ukingoni, vinavyoitwa ekwar, ambako makaka ya migunga hulisha mbuzi wakati wa kiangazi, na migunga hiyo hutegemea mafuriko ya msimu yanayolowesha ardhi na kuotesha miche mipya. Bwawa linalosawazisha mtiririko kwa ajili ya mitambo huyapunguza mafuriko hayo.

Mwaka 2017 mikataba ya mabwawa mengine mawili ilitiwa saini, la Kimwarer, lililofutwa mwaka 2019, na la Arror, kwenye mto uleule unaolisha mifereji ya Wamarakwet. Endapo mradi wa Arror utajengwa, KVDA inapaswa kukubaliana na wazee wa mifereji na wakulima wa bondeni juu ya ratiba ya kufungulia maji kabla ya mkandarasi kuitwa, na makubaliano hayo yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe.