Mtu Ndani ya Sanduku

Jioni moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja wa hapa Kibumba aliniuliza: "Mwalimu, ikiwa ordinateri yamshinda bingwa wa dunia katika sataranji, ya nini tena sisi kuchosha akili zetu?" Swali hili si la mzaha. Basi, wasomaji wapenzi, tutazame historia yake.

Sataranji ni vita vya watu wawili juu ya ubao wenye nyumba 64. Kila mmoja ana mfalme na askari zake. Anayemzingira mfalme wa mwenzake hata asiwe na pa kukimbilia, ndiye mshindi. Wazee wanaojua igisoro, yenye mashimo 32 na mbegu 64, wataelewa upesi: yafaa kuona mbali kabla ya kunyosha mkono.

Mwaka 1770, huko Vienna, Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa sanduku kubwa lenye sanamu ya Mturuki, iliyocheza sataranji. Watu walistaajabu miaka mingi. Hata Napoleon alicheza nayo mwaka 1809. Kumbe ni ujanja! Ndani ya sanduku alijificha mtu hodari wa mchezo.

Mashine ya kweli ilichelewa. Mwaka 1952 Mwingereza Alan Turing alikuwa na kanuni alizoziandika ili mashine icheze, lakini hakupata mashine yenye nguvu ya kuzifuata. Akazifuata mwenyewe kwa karatasi na kalamu, kama nusu saa kwa kila hatua, na akashindwa. Miaka 45 ikapita. Mwezi wa Mei 1997, huko New York, Deep Blue, ordinateri ya kampuni ya IBM, ilimshinda bingwa Garry Kasparov. Iliweza kupima hali milioni 200 za mchezo kwa sekunde moja.

Je, habari imekwisha? La, bado. Mwaka 2008 ilitokea programu iitwayo Stockfish, yaani samaki mkavu. Haikutoka katika kampuni tajiri. Tord Romstad wa Norwe aliweka msingi. Marco Costalba wa Italia na Joona Kiiski wa Finlandi wakajenga juu yake. Waliitoa bure, kila mtu apate kuisoma na kuirekebisha. Tangu 2013 wapenzi wa mchezo katika nchi nyingi hukopesha nguvu za ordinateri zao za nyumbani: programu iliyobadilishwa hucheza na ile ya zamani maelfu ya mara, na badiliko lisilofaa hutupwa. Ni kama salongo, ila hakuna anayelazimishwa. Kwa njia hiyo Stockfish imeipita Deep Blue kwa mbali.

Basi, kijana wangu, sanduku la Kempelen lilificha mtu mmoja. Ordinateri ya leo yaficha kazi ya watu wengi sana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Aliyeshinda si chuma, bali ni akili za watu zilizounganishwa.

Tena, pikipiki yatupita mbio sote katika njia ya Goma, wala hatukuacha kutembea. Kasparov naye hakuacha mchezo. Aliendelea kushindana hata mwaka 2005. Mashine haifurahi ikishinda, wala haijifunzi uvumilivu ikishindwa. Faida hiyo ni yako wewe. Keti na mzee mbele ya igisoro, ushindwe mara kumi, kisha uje unieleze umejifunza nini.