Oili chafu ya bodaboda: Kazi haiishi bolti inapokazwa

PIKIPIKI nyingi za bodaboda nchini, zile za injini ya cc 100 hadi 150, hubeba takriban lita moja tu ya oili. Kiasi hicho kidogo hulainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja, tofauti na magari mengi ambayo gia huwa na mafuta yake pekee. Hivyo basi, mwendeshaji anayeahirisha kubadilisha oili ili kuokoa shilingi mia chache hujikuta akinunua pistoni.

Kwa sababu iyo hiyo, si kila oili ya gari inayofaa pikipiki. Baadhi huwa na viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huweza kuifanya klachi iteleze. Chupa ifaayo ni ile yenye alama ya JASO MA au MA2, na unene wake uwe ule uliotajwa katika kijitabu cha pikipiki. Humo pia mna idadi ya kilomita za kusubiri. Pikipiki mpya hubadilishwa oili mapema, aghalabu kati ya kilomita 500 na 1,000, ili chembe za chuma zinazotokana na msuguano wa vyuma vipya zitoke.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Injini hungurumishwa kwa dakika tatu hivi ili oili iwe nyepesi, kisha huzimwa. Pikipiki husimamishwa wima, beseni huwekwa chini na kifuniko cha juu hufunguliwa. Bolti ya chini hulegezwa kwa spana, mkono ukiepushwa na ekzosi pamoja na oili, kwa kuwa vyote huwa moto. Oili ikiisha kuchuruzika, washa iliyobonyea hubadilishwa na kichujio, ikiwa kipo, hushughulikiwa.

Wengi huharibu mambo wakati wa kufunga. Mwili wa injini ni wa aluminiamu, na anayekaza bolti kwa nguvu zake zote hukata nyuzi zake. Oili mpya ikishatiwa, injini huwashwa kwa dakika moja, huzimwa, na kipimo huangaliwa baada ya muda mfupi. Kuijaza kupita alama ni kosa sawa na kuipunguza.

Linalosalia ni beseni la oili nyeusi, na hapa ndipo uangalifu hukoma. Wapo wanaoimwaga mtaroni au chooni. Wengine huipaka kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa, au huinyunyiza kutuliza vumbi, wakidhani wameitumia vyema. Yote hayo huishia udongoni, pamoja na masizi na metali zilizomo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hukadiria kwamba oili ya gari moja, ikibadilishwa mara moja, yaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi.

Jijini Nairobi, ukingo wa mto kati ya mzunguko wa Globe na Museum Hill ulikuwa makao ya mafundi wa magari. Marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira tangu 2008, aliwaondoa na kuanzisha bustani. Baada ya kifo chake mnamo 2012 mafundi walirejea, na bustani hiyo ikafufuliwa upya mwaka wa 2020.

Sheria inahitaji msafirishaji wa taka awe na leseni ya NEMA. Mwenye pikipiki moja hahitaji kuingia katika shughuli hiyo. Chupa iliyoleta oili mpya ndiyo bora kwa kurudishia ile chafu, isichanganywe na petroli, maji wala mafuta ya breki, kwani ikichanganywa hivyo ni vigumu kuisafisha itumike tena. Kisha hupelekwa kwenye gereji yenye pipa ambalo huchukuliwa na mkusanyaji aliyeidhinishwa. Inafaa kuuliza kabla ya kuiacha.

Chupa ya soda isitumiwe kamwe, hasa penye watoto. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni, kwani oili iliyotumika, ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi, huhusishwa na saratani ya ngozi.