Kufa kwa Cheo cha Mwinyi Mkuu

Imezoeleka kusemwa kuwa cheo cha urithi hufa pale nasaba inapokatika: mtawala asipoacha mwana, ukoo humalizika, na cheo huzikwa pamoja naye. Maelezo haya ni mepesi, na kwa wepesi wake yamependwa na wengi. Lakini mtu akiitazama historia ya Unguja kwa makini ataona kwamba damu ni sharti moja tu katika masharti ya urithi, wala silo lililo kubwa.

Kabla ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wenyeji wa kisiwa hicho walikuwa na mtawala wao, aliyeitwa Mwinyi Mkuu. Alama za enzi yake zilikuwa siwa na ngoma, na chini yake walikuwako masheha walioangalia mambo ya vijiji. Wala enzi hiyo haikuwa ya wanaume peke yao. Mwishoni mwa karne ya 17 ilishikwa na mwanamke, Mwana Fatuma, aliyekuwa upande wa Wareno walipozingirwa katika ngome yao ya Mombasa tangu 1696 hadi 1698. Waarabu wa Oman waliposhinda walimchukua mpaka Maskati. Baadaye alirudishwa kwao.

Sayyid Said hakukivunja cheo hiki. Alimwacha Mwinyi Mkuu awaongoze wenyeji na kuwatoza kodi, ambayo fungu lake moja lilikwenda kwa Sultani. Kwa mpango huo heshima ilibaki, lakini mamlaka yaligeuka kuwa uwakala. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad alijenga jumba kubwa huko Dunga, kazi inayosemekana kuanza 1846 na kumalizika 1856. Kuta za jumba zilipanda katika miaka ile ile ambayo mamlaka yalikuwa yakishuka. Muhammad alifariki 1865, akarithiwa na mwanawe Ahmad. Ahmad naye alifariki 1873, asiache mtoto wa kiume.

Hapa ndipo watu husema kuwa cheo kilikufa kwa kukosa mrithi. Hoja hii haitoshi. Ikiwa enzi ile iliwahi kushikwa na mwanamke, basi ukosefu wa mwana wa kiume peke yake usingalitosha kuizika. Jambo lililotosha ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, hakumsimika mwingine. Aliyekuwa na uwezo wa kumtambua Mwinyi Mkuu mpya hakuwa tena na haja naye.

Ukoo wa Sultani wenyewe unatupa ushahidi wa pili. Huko damu haikukosekana kamwe. Baada ya Sayyid Said kufariki 1856, wanawe wanne walifuatana Unguja: Majid, Barghash, Khalifa na Ali, urithi ukapita kwa ndugu hadi ndugu. Lakini tarehe 25 Agosti 1896 Khalid, mwana wa Barghash, alipoingia katika jumba la enzi bila ya ridhaa ya Waingereza, nasaba yake haikumkinga. Tarehe 27 manowari zao zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja, Khalid akakimbia, na Hamoud bin Muhammed akatawazwa. Wote wawili walikuwa wajukuu wa Sayyid Said. Kilichowatenga ni kukubaliwa. Na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipouondoa usultani, Sultani Jamshid bin Abdullah alikuwa hai, akaishi mpaka 2024. Mrithi alikuwapo, waliokuwa tayari kutawaliwa naye ndio walioondoka.

Basi cheo cha urithi husimama juu ya nguzo tatu: damu ya kukipokea, kazi ya kukipa maana, na watu wa kukikubali. Ile ya kwanza ndiyo inayoonekana, maana imeandikwa katika silsila; mbili zilizobaki huoza kimya kimya.

Tukitaka ushahidi wa mwisho, tumtazame sheha, aliyekuwa mdogo mbele ya Mwinyi Mkuu. Cheo chake kingali hai Zanzibar. Leo sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa mujibu wa sheria, wala haulizwi nasaba yake. Lakini mwananchi mwenye shida ya barua au ya ugomvi wa mpaka bado hubisha hodi kwake. Mkubwa aliyebaki na fahari bila ya kazi ametuachia magofu ya Dunga, na siwa na ngoma zilizohifadhiwa katika makumbusho. Mdogo aliyebaki na kazi ameendelea kuwapo. Mwanafunzi wa historia anaposoma kuwa ukoo fulani ulikatika, na aulize pia ni kazi gani iliyokuwa imekwisha kunyang'anywa kabla ya mazishi.