Nidhamu ya Kutulia: Kutoka Malungu ya Ufipa hadi Taamuli ya Kibudha

Uwanda wa juu wa Ufipa ulikuwa na nidhamu yake ya kutulia kabla jina la Budha halijafika huko. Walioishika kwa dhati walikuwa wayeyushaji chuma. Malungu, yaani matanuru yao ya udongo wa vichuguu, yalipita kimo cha mtu, na mengine yalifika karibu mita 3. Baadhi yamesimama mpaka leo katika mashamba ya Sumbawanga na Nkasi. Ilungu halikupulizwa kwa mivuo. Lilijazwa mkaa na mawe ya chuma, likawashwa, kisha likaachwa livute hewa lenyewe kwa siku kadhaa kupitia matundu ya chini. Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja, na kungoja huko kulikuwa na miko: wayeyushaji walilala kambini mbali na wake zao, na ugomvi ulihesabiwa kuwa unaharibu chuma. Mmisionari Padri Wyckaert aliziandika taratibu hizo mwaka 1914, wakati majembe ya kigeni yalikuwa yameanza kuifukuza kazi hiyo.

Nidhamu nyingine ya kutulia ililetwa na wamisionari. Mwaka 1885 Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868, walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka mwambaoni mwa ziwa Ukatoliki ulipanda hadi uwandani, pamoja na mafungo, tafakari ya asubuhi na sala ya Malaika wa Bwana. Kengele ya mchana inapolia, mkulima husimamisha jembe, huvua kofia, husali, kisha hurudi kwenye tuta lake.

Mwaka huohuo wa 1885, mbali upande wa mashariki, jeshi la Uingereza liliingia Mandalay na kumwondoa mfalme wa mwisho wa Burma. Taamuli ya Kibudha inayofanywa na watu wa kawaida duniani leo ina deni kubwa zaidi kwa msiba huo kuliko inavyokumbukwa. Kwa karne nyingi taamuli ilikuwa shughuli ya watawa, tena wachache. Walei waliwapa chakula, wakatoa sadaka na kushika maadili. Mfalme alipoondoka, dini ikapoteza mlezi. Mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) aliona kwamba watu wa kawaida wasipoibeba wenyewe itafifia, akaandika vitabu kwa lugha nyepesi na kuwafundisha walei kutazama nafsi zao. Mmoja wa wanafunzi wake, Saya Thetgyi, alikuwa mkulima. Mkulima huyo akamfundisha karani wa serikali, U Ba Khin, ambaye baadaye akawa Mhasibu Mkuu wa Burma huru. U Ba Khin naye akamfundisha mfanyabiashara S. N. Goenka, aliyehamia India mwaka 1969 na kueneza kozi za siku 10 za ukimya.

Maelekezo yenyewe ni machache. Mtu huketi, mgongo umenyooka, na kuitambua pumzi inapoingia na inapotoka. Haivuti kwa nguvu wala haizuii. Fikra ikikimbilia deni au ugomvi wa jana, hutambua kwamba imekwenda na kuirudisha bila kujilaumu. Hapa taamuli ya Kibudha inaachana na ndugu zake wa Ufipa, na si haki kuzichanganya: myeyushaji alitulia kwa ajili ya chuma, Mkristo hutulia mbele za Mungu, ilhali Mbudha huitazama akili yenyewe ili aone jinsi tamaa na hasira vinavyozaliwa na kupita. Kuona huko kunapokomaa ndiko kunakoitwa kuamka, na neno Budha maana yake ni aliyeamka.

Katika Afrika Mashariki, Ubudha ulifika kwanza na Wasinhala kutoka Ceylon, leo Sri Lanka. Hekalu lao la Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mpui ya Ufipa, lina mizizi katika miaka ya 1920. Uani kuna mti wa bodhi, jamii ya mtini, ambao majani yake yana umbo la moyo na ncha ndefu kama mkia. Kwa miongo mingi hekalu hilo lilihudumia hasa jumuiya iliyolijenga.

Mpaka huo ulivukwa Uganda. Kijana Steven Kaboggoza alikwenda India kusoma mwaka 1990, akakutana huko na watawa wa Thailand, na mwaka 2002 akawekwa wakfu kuwa mtawa nchini Marekani kwa jina la Bhante Buddharakkhita. Mwaka 2005 alianzisha Kituo cha Wabudha Uganda karibu na Entebbe. Mama yake mzazi pia alijiunga na utawa.

Nje ya mahekalu, Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliipeleka taamuli hiyo hospitalini Massachusetts mwaka 1979, ikiwa mafunzo ya wiki kadhaa kwa wenye maumivu sugu, bila kumtaka mgonjwa abadili dini.

Matini ya kale ya Kibudha juu ya uzingativu, yaani huko kutambua kinachotendeka, hayaishii kwenye kuketi. Yanataja kutembea, kukunja na kunyoosha mkono, kula, kunywa, hata kwenda haja. Kwa kipimo hicho, mkulima wa Mpui anayepalilia mahindi yumo ndani ya zoezi pale anapojua kwamba jembe limepanda, jembe limeshuka, na udongo umepinduka.