Kanuni ya Uingereza na Watoto wa Mulago

Kwetu Port Bell, kando ya Ziwa Viktoria, wengi husema kansa ni ugonjwa wa wazee. Nilipoanza kusoma historia ya ugonjwa huu niliona kwamba wanahisabati nao walianzia hapo hapo, tena kwa sababu nzuri.

Mwaka 1954 Peter Armitage na Richard Doll walichunguza takwimu za vifo vya kansa nchini Uingereza. Kwa aina nyingi za kansa, vifo vilipanda kwa kipeo cha sita cha umri: umri ukiongezeka mara mbili, hatari huongezeka mara 64. Walieleza kwamba seli haigeuki kuwa kansa kwa badiliko moja. Huhitaji mabadiliko sita au saba, moja baada ya jingine, na kila moja lina kungoja kwake. Ndiyo maana wazee huugua zaidi.

Sasa njoo Kampala. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili. Alipofukua kumbukumbu za hospitali aliwakuta wengine wengi, karibu wote watoto. Mtoto wa miaka mitano amengoja mabadiliko saba lini?

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, mmoja akiwa Ted Williams wa Kuluva, West Nile, walisafiri kwa gari kama kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini wakiuliza kila hospitali. Ramani yao ilionyesha kwamba uvimbe huo hufuata joto na mvua, yaani nchi za malaria kali. Pwani yetu ya ziwa imo. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi walichokiona katika seli zilizotoka Uganda. Malcolm Pike, mtakwimu, alifanya hesabu juu ya wagonjwa wa Williams wa 1961 hadi 1965, akaona kwamba walitokea kwa mafungu, karibu karibu kwa mahali na kwa wakati. Mabadiliko yanayongojwa kwa bahati tu hayaji kwa mafungu.

Mwaka 1982 ilijulikana kwamba katika uvimbe huu jeni iitwayo MYC huhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi hadi ya 14. Malaria huzifanya seli za kinga zigawanyike kwa wingi, na kila mgawanyiko ni bahati nasibu nyingine. Kwa maoni yangu, basi, watoto wa Mulago hawakuivunja kanuni ya 1954. Walionyesha kwamba ilihesabu miaka mahali pa migawanyiko ya seli; kwa Mwingereza mzee tofauti hiyo haikuonekana, lakini mtoto anayeumwa malaria kila mara huitimiza hesabu mapema.

Dawa zipo. Tangu 1967 kituo cha limfoma cha Mulago kimetibu watoto hawa, na wako waliopona kabisa. Dalili ya kwanza mara nyingi ni meno kulegea.