Gia za Baiskeli na Wepesi Uliodharauliwa

Baiskeli zilizotamba kwenye mbio za miaka ya 1870 hazikuwa na mnyororo. Pedali zilifungwa kwenye gurudumu la mbele, hivyo miguu ikizunguka mara moja, gurudumu nalo lilizunguka mara moja. Aliyetaka kasi alitafuta gurudumu kubwa: lenye kipenyo cha mita 1.4 lilimsogeza mita 4.4 hivi kwa kila mzunguko. Kikomo kilikuwa urefu wa miguu yake mwenyewe, na aliyeanguka kutoka kimo kile aliumia vibaya.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli ya Rover, ambayo mnyororo wake uliendesha gurudumu la nyuma. Tangu hapo ugumu wa kunyonga ukawa suala la kuhesabu meno. Gia ya mbele yenye meno 48 ikivuta ya nyuma yenye 16, gurudumu huzunguka mara 3 kwa kila mzunguko wa miguu. Hata hivyo gia ilibaki moja, na inayofaa tambarare huwa nzito mlimani. Baiskeli nyingi za mizigo za Afrika Mashariki zimebaki hivyo hadi leo: kwenye mwinuko mkali mwenyewe hushuka na kusukuma.

Huko Ufaransa, Paul de Vivie, mwenye jarida la Le Cycliste mjini Saint-Étienne, alitumia miaka mingi kutetea gia zaidi ya moja. Hoja yake ilitokana na safari ndefu za milimani: msafiri hufika mbali akinyonga kwa wepesi na kuepuka kuzimaliza nguvu. Henri Desgrange, mwanzilishi wa mbio za Tour de France mwaka 1903, aliona kinyume. Kwake gia za kubadilisha zilikuwa za watu wa makamo, na shindano lilipaswa kuamuliwa na misuli. Kwa miaka mingi washindani walifunga gia mbili tu kwenye gurudumu la nyuma, moja kila upande. Walipofika chini ya mlima walishuka, wakafungua gurudumu na kuligeuza. Vifaa vya kuhamisha mnyororo viliruhusiwa mwaka 1937, Desgrange akiwa ameshaachia usimamizi, na mshindi wa mwaka huo, Roger Lapébie, alikuwa na kifaa hicho.

Ruhusa hiyo haikumaliza ubishi, bali iliuhamishia kwenye kasi ya miguu. Miongoni mwa washindani, Jacques Anquetil alisifika kwa kusukuma gia nzito. Charly Gaul wa Luxembourg, bingwa wa Tour mwaka 1958, alipanda milima kwa gia nyepesi na miguu ya haraka. Mwaka 1972, mjini Mexico City, Eddy Merckx alikwenda kilomita 49.431 kwa saa moja akitumia meno 52 mbele na 14 nyuma, yaani mizunguko 104 hivi kwa dakika. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kushinda Tour mara nne kati ya 2013 na 2017, naye alijulikana kwa kunyonga haraka milimani.

Sababu ya kupendelea miguu ya haraka iko kwenye mwili. Nguvu inayoendesha baiskeli ni zao la msukumo wa mguu na kasi ya mzunguko. Gia nzito hudai msukumo mkubwa kila mara, ikachosha mapaja na kubebesha magoti mzigo. Gia nyepesi hupeleka sehemu ya kazi hiyo kwa moyo na mapafu, ambavyo hupata nafuu mapema kuliko misuli iliyochoka. Hata hivyo, kwa mwendo wa taratibu, kuzungusha miguu kupita kiasi hupoteza pumzi bure.

Baiskeli za barabarani za leo zinampa anayeanza uhuru ambao washindani wa zamani hawakuwa nao. Meno 34 mbele na 34 nyuma humsogeza mita 2.1 hivi kwa mzunguko. Meno 50 na 11 humsogeza mita 9.5. Achague gia inayomruhusu kuzungusha miguu mara 80 hadi 90 kwa dakika kwenye tambarare, aipunguze kabla mlima haujamlemea, na asione haya kutumia ile nyepesi kuliko zote.